Mama Tanganyika Alikuwa Mama Yangu

Mama yangu aliitwa Mama Tanganyika kwa miaka mingi kuliko nchi huru yenyewe ilivyoitwa Tanganyika. Nchi ilibadilisha jina kabla haijatimiza miaka mitatu. Yeye hakubadilishiwa. Aliingia kaburini akiwa Mama Tanganyika, na hata leo nikienda Muleba wazee wachache waliobaki huniuliza, "Wewe si yule binti wa Mama Tanganyika?" Nawaitikia kwa adabu, maana nimelelewa hivyo, lakini moyoni nawatukana.

Vijana wanaokuja kunisalimia hapa Kibeta huliona jina hilo zuri. Mmoja aliniambia kwamba ni heshima kubwa, familia yetu ingepaswa kujivunia. Nikamwambia akae nimweleze heshima hiyo ilitokea wapi na ilitufikisha wapi. Hakukaa, alikuwa na haraka zake. Kwa hiyo naandika.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Kijiji chetu kiko upande wa Rubya, migomba imeshikana nyumba kwa nyumba, mibuni chini ya migomba, na nje ya hapo rweya, yaani nyika ya majani ambako wanawake hukata nyasi za kutandaza shambani. Baba alikuwa mtwarwa. Kwa wasiojua: kibanja tulichoishi, yaani shamba la migomba na nyumba yake, hakikuwa chake, kilikuwa cha mwenye nyarubanja, mmiliki wa vibanja vingi, bwana mmoja mwenye kiti cha kukunja na mwavuli, aliyekuwa akipelekewa sehemu ya mavuno na pombe, na ambaye angeweza kumwamuru baba ahame. Kabla ya baba, babu naye alilima hapo kwa masharti hayohayo. Mama alipoolewa alikuta kibanja kimechoka. Alibeba nyasi kichwani kutoka rweya miaka nenda miaka rudi, akazitandaza, akaburura samadi, mpaka mikungu ikawa inahitaji kuegemezwa miti ili isianguke. Hilo kila mtu kijijini alilijua na alilisema.

Uhuru ulipokaribia, katibu wa tawi la chama aliitisha mkutano uwanjani pa shule. Alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, lakini tangu apate ukatibu hakuna aliyemwita kwa cheo kingine, na sisi watoto tulimwita Katibu hata darasani. Siku hiyo alitoa mfukoni sarafu kubwa ya shaba, peni ya Uingereza, aliyopewa na padre mmoja mzungu. Akaizungusha watu waione. Upande mmoja kulikuwa na mwanamke ameketi, ana ngao na mkuki wenye meno matatu.

"Kila taifa lina mtu wake," Katibu alisema. "Waingereza wana huyu mama, tena wana John Bull, mzee mwenye kitambi. Wamarekani wana Mjomba Sam, mwenye kofia ndefu. Siku ya Uhuru lori litatembea kutoka hapa mpaka Muleba, na juu ya lori lazima asimame mtu wetu."

Mzee mmoja akauliza hao watu wanaishi wapi, na wanalima nini.

"Hawapo, waitu," Katibu alimjibu. Waitu ndivyo tunavyomwita mtu kwa heshima. "Ni nchi yenyewe imevalishwa sura ya mtu, ili watu wapate kuipenda. Nani atapenda ramani?"

Wazee walicheka, kisha wakashika jambo lenyewe. Wengi walitaka mwanamume mwenye jembe. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwanamume yupi? Akisimama wa ukoo huu, ukoo ule utasema nchi imeshachukuliwa. Walitajana, wakapingana, mmoja akasimama akajifunga shuka vizuri kama anayetaka kuondoka. Mwingine akashauri asimame mtoto wa mtemi, Katibu akasema hapana, mambo ya watemi yanakwisha. Jua likawa kali na watu wakaanza kuangalia njia za kurudi makwao.

Ndipo Katibu akasema, "Basi awe mama."

Walikubali papo hapo. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na watoto wenzangu, na niliona mabega ya wazee yakishuka. Yule aliyejifunga shuka akakaa tena na kusema maneno ambayo niliyasikia kwa masikio yangu, ingawa sikuyaelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Alisema, "Hapo sawa. Mama hana ukoo hapa. Hawezi kudai kitu."

Hiyo ndiyo asili ya jina. Nimesoma baadaye vitabuni kwamba nchi huitwa mama kwa sababu inatulisha na kutubeba mgongoni. Inawezekana huko kwingine. Kwetu iliitwa mama kwa sababu, kati ya watu wote kijijini, mama ndiye pekee ambaye hakuna mwanamume aliyemhofia.

Lakini hawakuachia hapo. Yule mzee wa kwanza aliuliza, "Huyu Mama Tanganyika ni mke wa nani?" Katibu akasema hana mume, ni nchi. Wazee wakaguna. Mama asiye na mume, ana watoto wote hao, ni mama wa namna gani? Wataonekanaje huko Muleba? Ikaamuliwa awe mke wa mtu, mwenye mume aliye hai, na mume aombwe rasmi kwa mtungi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Wakamchagua mama yangu kwa urefu wake na shingo yake. Baba alipelekewa mtungi, akanywa na wenzake, akatoa kibali. Mama hakuulizwa. Aliambiwa akiwa jikoni anamenya ndizi.

Nisimwonee. Alifurahi. Aliniuliza kwa siri, akitumia neno letu la kubembeleza, "Sasa bojo, hiyo Tanganyika ni kubwa kiasi gani?" Nilimwonyesha kwenye ramani ya daftari langu, na kibanja chetu nikamwambia hakionekani, ni kidogo kuliko ncha ya penseli. Aliitazama ile karatasi muda mrefu. Siku zilizofuata nilimkuta mara mbili nyuma ya nyumba amesimama wima, mkono mmoja juu, anajizoeza.

Siku ya sherehe alivaa gauni jeupe lililoshonwa na masista, na kichwani taji la matawi ya mbuni. Mkono mmoja alishika mwenge wa matete, mwingine ameukumbatia mkungu wa ndizi. Lori lilikuwa lile la kubebea kahawa, limepambwa kwa majani ya migomba. Lilikwenda polepole, watu wakikimbia kando wakiimba, wanaume wakivua kofia. Tulipopita kwa mwenye nyarubanja, yule bwana aliinuka kwenye kiti chake cha kukunja. Aliinuka kabisa, akasimama, mwavuli ukaanguka. Mama alisimulia jambo hilo mpaka mwisho wa maisha yake. Hotuba na bendera alivisahau, lakini si kuinuka kwa bwana yule.

Jioni alishuka, akavua gauni, akaingia jikoni. Ulikuwa msimu wa senene. Kwa desturi yetu mwanamke huwakamata senene alfajiri kwenye majani, huwachambua mbawa na miguu, huwakaanga, humpelekea mume, na mume humpa nguo kama shukrani. Yeye mwenyewe hali, ni mwiko. Siku hiyo wageni wa baba walikuwa wengi, wamekuja kumpongeza mume wa Mama Tanganyika, na mama alikaanga masufuria mawili. Nilikaa naye motoni. Hakuonja hata mmoja kujua kama chumvi imekolea, akamwita baba aje aonje.

Miaka michache baadaye serikali ilifuta nyarubanja. Mtwarwa akawa mwenye shamba. Sitasema uongo, ilikuwa siku njema, na hata mimi mwenye ulimi huu sina la kuikosoa. Baba alizunguka mipaka ya kibanja kwa miguu, akigusa kila mlamula, ule mmea mwembamba tunaoupanda kuonyesha mpaka, kana kwamba anausalimia. Mama alimfuata nyuma. Usiku ule wakati wa kula alisema, "Sasa ni chetu." Baba hakumsahihisha. Nafikiri hata yeye hakuwahi kufikiri hilo lina utata.

Baba alikufa nikiwa chuo cha ualimu. Mama alikuwa amezaa wanne, nikabaki mimi peke yangu, na mimi ni mwanamke. Matanga yalipokwisha wazee wa ukoo walikaa na kumkabidhi kibanja mdogo wake baba. Baba mdogo hakuwa mtu mkali. Alikuja mwenyewe mpaka jikoni, akakaa kwenye kigoda, akamweleza mama kwa upole kwamba ana njia mbili: akubali kurithiwa, yaani awe mke wake wa pili na abaki, au arudi kwao. Kwao wazazi walishakufa na kaka zake walikuwa wamebanana kwenye kipande ambacho hata wao hakikuwatosha.

Mama alisema atakwenda kwenye baraza.

Nilimwomba asiende. Nilikuwa nimesoma, nilijua atakavyojibiwa. Yeye alikuwa na imani yake, na imani yenyewe ilikuwa juu ya lile lori. Alisema, "Hawa hawawezi kunifukuza mimi. Bwana yule aliinuka." Alivaa lile gauni jeupe. Lilikuwa limeiva rangi ya chai na lilimbana kifuani. Nilitembea nyuma yake nikiona aibu, na aibu hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo kuliko mambo mengine mengi.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Katibu. Mama alisimama mbele yao kama alivyosimama juu ya lori, tofauti ni kwamba mikono ilikuwa mitupu. Akasema, "Mlinisimamisha mkasema mimi ndiyo nchi. Nchi ilikombolewa kutoka kwa mwenye nyarubanja. Mimi ndiye niliyeilima. Sasa nataka mniambie, nimekombolewa kutoka kwa nani?"

Katibu aliinamia karatasi zake. Alikuwa mtu mwenye akili, na ndiyo maana simsamehe. Wale wazee walikuwa wanafuata walichorithi, lakini yeye alijua.

"Mama," alisema, "lile lilikuwa igizo la sherehe. Tulikuheshimu na bado tunakuheshimu. Lakini kibanja ni cha ukoo, na wewe huna ukoo hapa."

Walimvisha kilemba cha ukoka, na siku alipotaka kukitumia wakamwonyesha kuwa ni majani. Nilimshika mkono tukatoka. Nyuma yetu nilisikia mtu akisema kwa huruma kabisa, "Maskini Mama Tanganyika."

Wakati huo vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanzishwa kule Kimwani, kwenye tambarare, kwa watu wasio na ardhi. Katibu alimwandikia mama barua nzuri ya kumtambulisha. Alikwenda na jembe, chungu na mkeka. Walimpokea kwa nyimbo, maana barua ilitaja jina lake, na mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba Mama Tanganyika mwenyewe amekuja kwenye ujamaa. Kwa hiyo akawa nembo tena. Wageni wakija kutoka mkoani, yeye ndiye aliyesimamishwa mbele.

Nilikuwa nafundisha Bukoba, nikimtembelea kila likizo. Kimwani ni joto, ardhi imenyooka, mahindi na maharage, na mgomba hauoti kwa furaha. Walilima wote pamoja, kengele ikilia. Nilimuuliza kama ana raha. Alisema, "Hapa hakuna wa kunifukuza, kwa sababu hakuna kilicho changu." Hakulalamika. Alisema kama mtu anayesema mvua imechelewa. Msimu mmoja nilimkuta yeye na wajane wenzake wamekaanga senene, wanakula wenyewe, mlango wazi. Nilishangaa, nikamuuliza ladha yake ikoje baada ya miaka yote hiyo. "Chumvi imezidi," alisema, akaendelea kutafuna.

Lakini kibanja hakikumtoka. Kila nilipofika aliniuliza kama nimepita kijijini, kama mibuni imekatiwa matawi, kama yule mke wa baba mdogo anajua kwamba migomba ya upande wa juu inataka nyasi mara mbili kwa mwaka. Nilimdanganya kwamba kibanja kinatunzwa. Kwa kweli kilikuwa kinarudi kuwa msitu.

Alipougua alipelekwa Rubya hospitalini, karibu kabisa na kijiji alikofukuzwa. Kutoka dirishani pale aliweza kuona kilima chetu. Nilikaa naye siku tisa. Siku ya nane alinishika kifundo cha mkono na kusema, kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo, "Nirudishe kwenye migomba yangu." Hakuniomba kitu kingine. Nilimuahidi bila kujua nitawezaje, maana hata mimi sikuwa na haki ya kumzika mtu pale. Alikufa kesho yake mchana.

Sikuwa hata nimemaliza kufunga nguo zake walipotokea kwenye baraza ya hospitali baba mdogo na Katibu, wote wawili wamevaa koti. Nilijiandaa kwa vita. Baba mdogo alinishika mikono akalia, machozi ya kweli. Akasema, "Binti yangu, shemeji hawezi kulala Kimwani na watu wasiomjua. Arudi kwa mumewe. Arudi kwenye kibanja." Katibu akaongeza kwamba kijiji kizima kimekubali, na chama kitatoa hotuba.

Nilifurahi. Naandika hivi ili asiwepo wa kudhani nilikuwa mjanja. Nilidhani dhamiri imewasuta hatimaye, na kwamba mama ameshinda, ingawa amechelewa. Nesi alileta karatasi ya kuchukua maiti, ikihitaji sahihi ya ndugu wa karibu, na nikaisaini nikimwombea baba mdogo baraka.

Tulipofika kibanjani kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Halikuwa kando ya baba, katikati ya migomba, pale wanapolala watu wa ukoo. Lilikuwa mwisho kabisa wa shamba, upande wa chini, kando ya njia, limegusa milamula ya mpaka. Nilimuuliza baba mdogo kwa nini huko. Alisema ardhi ya juu ina mawe. Nilizaliwa pale, najua haina mawe. Lakini jeneza lilikuwa limeshashushwa na watu walikuwa wanaimba, nikaitikia wimbo. Katibu alitoa hotuba ndefu. Alisema Mama Tanganyika amerudi nyumbani na udongo wake utamkumbuka.

Siku ya nne ya matanga walikuja maofisa wa vijiji vya maendeleo. Ndipo nilipoona vigingi. Vilikuwa vimepigwa muda mrefu kabla ya msiba, vikitoka barabarani, vikikata sehemu yote ya chini ya kibanja cha baba mdogo, ile yenye mibuni mizuri, igawiwe viwanja vya nyumba za kijiji kipya. Nilikuwa nimevipita mara kumi bila kuviangalia. Mstari wake ulikwenda sawasawa mpaka kwenye udongo mbichi wa kaburi.

Kwetu kaburi ndilo hati. Palipolala mtu wa familia, familia hiyo haiondolewi, na hata serikali ile, iliyohamisha watu kwa maelfu, ilikuwa inasita kupima juu ya maiti. Ofisa alisimama, akauliza ni nani huyu.

"Ni Mama Tanganyika," Katibu alisema. "Yule wa Uhuru."

Ofisa alikuwa kijana, hakuwepo siku ile ya lori, lakini alivua kofia. Kisha akawaambia wasaidizi wake wang'oe vigingi na kuvihamishia ng'ambo ya njia, kwenye kibanja cha jirani, mjane mwenye watoto wawili, ambaye hakuwa na kaburi lolote upande huo. Yule mjane alikuwa pale pale matangani, amekuja na ndizi za kutulisha. Aliweka kapu chini akawatazama wakipiga vigingi kwenye mibuni yake.

Baba mdogo alinisogelea. Alinipa mkono kwa mikono yake miwili, kama apewavyo mtu aliyetoa kitu kikubwa. "Mama yako ametusaidia sana, bojo," aliniambia.

Nikamjibu, "Ndiyo, baba."